Mtungaji Hajulikani

Kamaludin bin Badawi alikaa Uingereza miaka minne akisomea Kiingereza, na mtaa wa Kuze, Mombasa, haukuisha kustaajabu. Kiingereza alikwenda nacho. Alikuwa akikisema tangu shule, tena kwa pua, na nusu ya barua za mtaa zilizokwenda kwa Bwana DC zilitoka mkononi mwake. Sasa mtu anayekijua Kiingereza avuke bahari kwenda kukisomea kwa nini? Babake, Badawi mwuza vitambaa, akiulizwa barazani alijibu kuwa huko hawasomi lugha, wanasoma yaliyomo ndani ya lugha, kisha akageuza mazungumzo upesi, maana hapo ndipo maelezo yake yalipokomea.

Aliyeelewa ni mmoja tu, na hakuna aliyefikiria kumwuliza: Mwanakuu, dadake Badawi, mjane aliyeishi orofani juu ya duka la nduguye akishona kofia. Kamaludin alimwandikia kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa za Kizungu hakuzijua, akamweleza kuwa kazi yao huko ni kusoma tungo. Profesa huchukua ubeti mmoja akauliza neno hili limekaa hapa kwa nini, kwa nini si jingine, na saa nzima ikaishia kwenye neno hilo. Mwanakuu aliisoma barua ile mpaka mikunjo ikatoboka. Kumbe duniani kuna mahali watu wazima hupewa mshahara kwa jambo ambalo yeye amelifanya maisha yake yote kwa siri, sindano mkononi.

Maana Mwanakuu alikuwa mtungaji. Babake, fundi wa kuchonga milango, alimfunza kusoma na kuandika huku akimpokeza patasi na randa, na vina na mizani aliviokota humo humo karakanani. Baadaye aliolewa, akazaa mtoto mmoja, Sheikha, na mwaka 1934 homa ikamchukua Sheikha kwa siku saba, akiwa na miaka tisa. Wenziwe walilia wakanyamaza. Mwanakuu alikaa mwaka mzima akatunga utenzi wa beti sitini na moja, akaunakili kwenye daftari kwa wino mweusi, akalitia kashani mwake.

Jina lake hakuliandika. Mwanamke wa heshima wa Kuze hatangazi jina lake mbele ya wanaume, wala la bintiye. Lakini mtungaji naye ni binadamu, ana roho, na wa zamani walijua pa kuiweka. Ubeti wa mwisho hutajwa herufi moja moja, mimu, wau, nuni, na mwenye akili atazipanga, jina limjie. Hivyo ndivyo Mwanakuu alivyofanya. Ubeti wa sitini alijitia mwenyewe, wa sitini na moja akamtia Sheikha. Beti hamsini na tisa za mbele zinasema mwana, mwana, mwana tu. Jina la mtoto halikuwa na mahali pengine duniani ila pale, kwa kuwa hata kaburi lake halina jiwe lenye maandishi.

Kamaludin alipokuwa akifunga sanduku mwaka 1945, shangazi alimpa daftari lile. Alimwambia ni kitu cha nyumba yao, akisome mpaka mwisho. Zaidi ya hapo hakusema, na angesemaje? Mtu anayejitaja kwa mdomo wake kuwa mimi ndimi niliyetunga, Kuze humcheka mpaka azikwe.

Januari ya 1949 Kamaludin akarudi na shahada ya daraja la kwanza, na picha ambamo amevaa joho jeusi na kofia bapa ambayo mafundi wa kofia wa mtaa waliijadili kwa masikitiko. Badawi akachinja. Walikula biriani watu wa Kuze na wasiokuwa wa Kuze. Serikali ilikwisha kumwahidi kijana kazi ya kufundisha Kiingereza shule kubwa ya mjini, muhula ujao, na mzee akawa anatembea barabarani kama aliyepimwa joho hilo yeye. Siku ya tatu Kamaludin akagawa zawadi: babake saa ya mfukoni, shangazi yake kijitabu chembamba chenye jalada la kijivu, kilichopigwa chapa na chuo chenyewe.

Mwanakuu alikifungua akaona mistari mifupi mifupi, minne minne, upande wa kushoto, na mirefu upande wa kulia. Hakuhitaji kujua herufi za Kizungu ili kuutambua utenzi wake. Alihesabu beti kwa kidole. Zilikuwa hamsini na tisa. Akahesabu tena, akajiambia Wazungu huenda wana namna yao ya kupanga. Akangoja mpwawe amwambie neno. Alingoja wiki tatu, akimpikia vitumbua kila alasiri, na kijana alikula vitumbua akasifu vitumbua.

Ikabidi atafute macho mengine. Kila Jumamosi alikuwa akija kwake Mwalimu Truphosa, mke wa Seth wa reli, mtu wa bara anayekaa Makupa na kufundisha wasichana. Wanafunzi wake wa mjini walimcheka Kiswahili, naye, badala ya kuwachapa, aliona bora akitafute kilipo. Mwanakuu humkosoa kwa upole, naye huandika. Jumamosi hiyo Mwanakuu alimwekea kijitabu mapajani, akamwomba amsomee upande wa Kizungu, polepole, kwa maana yake.

Truphosa akaanza na jalada. Alisoma kimya kwanza, akakunja uso, kisha akafasiri. Jina la kitabu ni Kilio cha Mji, utenzi wa kale wa Mombasa. Chini yake kumeandikwa, mtungaji hajulikani. Chini yake tena, umefasiriwa na kufafanuliwa na Kamaludin Badawi.

Mwanakuu alimtaka arudie mstari wa katikati. Akarudia. Mwanakuu akasema ni makosa ya mpiga chapa, aendelee.

Dibaji ilikuwa na kurasa ishirini, na Truphosa alizisoma zote, sauti ikipungua kadiri anavyosogea. Mtungaji, ilisema, bila shaka yoyote ni mwanamume, tena fundi wa mbao aliyeishi miaka mia au zaidi iliyopita, kwa kuwa anataja patasi, randa na juba kwa ujuzi ambao mwanamke wa pwani hawezi kuwa nao. Wala msomaji asidhanie kuwa mtoto anayeliliwa ni mtoto. Mtoto ni mji wa Mombasa. Homa ya siku saba ni wageni waliouvamia mji zama kwa zama. Na ule ubeti wa ishirini na mbili, unaosema mwana alizikwa na pengo la jino la mbele, jipya halijaota, hapo pana siri kubwa: jino ni ukuta wa ngome uliobomolewa na mizinga.

Mwanakuu aliweka kofia chini. Alikuwa ameichoma sindano hadi kwenye dole gumba lake, na hakuwa ameona.

"Sheikha wangu amekuwa ukuta," alisema.

Truphosa hakujua Sheikha ni nani, akafungua ukurasa. Palibaki maelezo mafupi mwisho wa dibaji. Akayasoma nayo. Daftari lina beti mbili zaidi, yalisema, ambazo mfasiri ameziacha. Ni mchezo wa herufi uliotiwa na mnakili asiye na kipaji. Hazihusiani na maudhui, na zinaharibu umoja wa kazi.

Kesho yake alasiri Kamaludin alipanda ngazi akabisha hodi, akambusu shangazi mkono, akakaa mahali pake pa kila siku. Vitumbua havikuwapo. Mwanakuu alimwambia kuwa tangu arudi watu wamemwuliza habari ya baridi na ya viazi, na hakuna aliyemwuliza alichokisoma, na yeye anataka kujua. Kijana alifurahi, maskini. Alikuwa na kiu ya kuulizwa. Akaeleza kwa mikono miwili. Kwamba amefunzwa kuusoma utungo peke yake, bila kujali nani kautunga wala lini, kwa sababu maneno yakishatoka hayana mwenyewe. Kwamba neno kubwa daima lina jingine chini yake, na msomaji hodari ni yule asiyeridhika na la juu. Kwamba utungo mzuri ni kitu kimoja kizima, na kisichofungamana na mengine hukatwa bila huruma. Alisema vizuri. Mwanakuu alimwona jinsi alivyochangamka, na kwa muda mdogo alimwonea wivu, kwani hayo aliyokuwa akisema mengine ni kweli, na yeye angependa kuwamo chumbani humo yalipokuwa yakisemwa.

Kisha akamwuliza habari ya jino. Jino la ubeti wa ishirini na mbili ni nini?

Kamaludin alicheka kidogo, akasema kumbe shangazi amesomewa. Akaanza kueleza ngome.

"Lile jino ulilitoa wewe," Mwanakuu akamkatiza. "Ulilifunga uzi kwenye kitasa cha mlango huu, ukausukuma. Mulikuwa mukila sahani moja, wewe naye. Alikuya kwangu damu mdomoni, ateka kwa furaha."

Kamaludin aligeuka kuutazama mlango. Mkono uliokuwa ukieleza ngome ulibaki hewani, akaushusha. Mwanakuu hakumpa nafasi. Akazisoma zile beti mbili, kwa sauti ya kawaida, bila kughani:

Mimu na wau someni
nuni nayo itieni
alifu na kafu ndani
na wau ya kumaliya.

Shini na ye zimetiwa
khe na he zikaekewa
ndiye mwana mliliwa
wa moyo wangu na niya.

Midomo ya Kamaludin ilikuwa ikizifuata herufi. Chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani angeyapanga majina hayo mawili kabla ya kumeza mate. Sasa yalimchukua muda, na yalipomfikia alijishika kichwa.

"Ulizisoma?" Mwanakuu akamwuliza.

"Nilisoma mimu na wau. Nikasema haya ni ya mnakili. Sikuendelea."

"Miaka minne wamekufunza nini, Kamaludin?"

"Kusoma, shangazi," alisema, na aliposikia alichokisema akaanza kulia.

Mwanakuu hakulia. Hasira aliyokuwa nayo haikuacha nafasi. Alimwambia hataki machozi yake, anataka barua. Aandike kwa hao waliopiga chapa, awape jina lake na jina la Sheikha, na beti mbili zirudi mahali pake. Haya ya kujitaja ilikwisha kumwondoka jana, alipogeuzwa mwanamume. Na daftari lake lirudi pia.

Hapo ndipo lilipotoka la pili. Daftari alikuwa amelitoa zawadi kwa maktaba ya chuo, na Profesa alimshukuru mbele ya watu. Ila karatasi ya mwisho haimo. Aliikata kwa wembe ili mpiga chapa asichanganyikiwe. Iko wapi? Ilikuwa chumbani kwake, kati ya makaratasi mengine, na makaratasi yale aliyachoma siku ya kuhama.

Kijana hakuwa mwovu, na hilo ndilo linaloudhi, maana mwovu ungemtukana ukapumua. Alikaa wiki nzima bila kuandika. Alikuja mara mbili kumweleza shangazi sababu, na sababu zilikuwa nzuri. Dibaji ile ndiyo iliyompa daraja la kwanza, na daraja la kwanza ndilo lililompa kazi. Akiikana, watasema alifaulu kwa uongo. Tena utenzi umesifiwa sana. Maprofesa wawili wa vyuo vingine wameandika kuwa ni kazi kubwa, kwa sababu ni ya kale. Wakiambiwa mtungaji ni mama wa Kuze, yuko hai, anashona kofia, huenda wakauona ni kitu kidogo.

"Basi wangoja nife kwanza?" Mwanakuu alimwuliza. "Au nikishakufa nitakuwa bado si wa kale, uningoje tena miaka mia?"

Kamaludin aliona aibu, akaandika. Na alipoamua aliandika kiume. Barua ilikuwa kurasa nne. Alieleza habari ya herufi na desturi yake, habari ya karakana ya babu, habari ya jino, akasema kosa ni lake mwenyewe na kwamba kila alichosema juu ya mtungaji kwenye dibaji si kweli. Alimpelekea shangazi aione kabla ya kuitia posta. Mwanakuu akaishika, akamwambia itakaa kwake mpaka Jumamosi, Mwalimu Truphosa aisome. Kijana akasema kwani hamwamini. Shangazi akajibu kuwa hapana, hamwamini, na akamkaribisha kahawa. Truphosa aliisoma mara mbili, akasema ni barua nzuri kuliko kitabu. Jumatatu ikaenda kwa ndege.

Kamaludin akaanza kazi yake ya ualimu. Masika yakaingia, vichochoro vya Kuze vikawa vijito, kofia zikachelewa kukauka. Mwanakuu alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita na hakuwa mtu wa kutumaini ovyo, lakini safari hii alijiachia. Alimweleza Truphosa juu ya Sheikha, kwa jina, kwa sauti ya juu, dirisha wazi: kwamba alikuwa akiandikia mkono wa kushoto, kwamba aliogopa radi. Miaka kumi na tano hakuwa amelitamka jina hilo mbele ya mgeni. Sasa alilitamka kwa wepesi, kwani hivi karibuni litakuwa kitabuni, na mtoto ataulizwa habari zake na watu wa mbali. Alifikia hata kumwambia nduguye Badawi kuwa yeye ni mtungaji. Badawi alicheka kwa mapenzi, akamwuliza ametunga nini tena, nyimbo za harusi?

Majibu yalikuja mwezi wa Juni, Ijumaa, baada ya sala. Kamaludin alipanda na barua ikiwa tayari imefunguliwa. Mwanakuu alimtuma mtumishi wa duka akamwite Truphosa, lakini kijana akasema hakuna haja, ataifasiri mwenyewe neno kwa neno, na safari hii hataacha kitu. Alivyosema hivyo, akiwa amesimama, Mwanakuu alijua kuwa ni kweli, na akajua pia kuwa habari ni mbaya.

Barua ilikuwa ya Profesa, na ilikuwa ya adabu. Alifurahi kusikia kuwa Kamaludin amefika salama. Barua yake imesomwa na kamati nzima kwa huruma. Inajulikana sana, katika jamii zinazohifadhi tungo kwa kichwa, kuwa mama mzee aliyetunza utungo kwa muda mrefu huja kuamini kwa dhati kuwa ameutunga yeye. Hakuna anayemshutumu kwa uongo. Beti mbili zilizotajwa, ingawa dibaji inazigusa, haziko kwenye daftari lililomo maktabani, na chuo hakiwezi kuchapa kisichoonekana. Wanafahamu pia jinsi ilivyo vigumu kwa kijana aliyerudi kwao kuyapinga matakwa ya jamaa zake, na kwa hivyo hawatamhesabia barua hii. Wanashikamana na hukumu iliyotolewa mapema, kwa akili iliyotulia. Kitabu kitachapwa mara ya pili mwakani kama kilivyo.

Mwanakuu alisikiliza mikono ikiwa magotini. Hayo ya kuitwa mama mzee aliyesahau aliyaacha yapite. Aliuliza moja tu, kwa sababu mtu anayekukatalia kitu chako sharti akuoneshe shahidi.

"Huyo aliyehukumu kuwa si mimi, hawakumtaja?"

"Wamemtaja."

"Ni nani?"

Kamaludin aliirudia karatasi, ingawa hakuhitaji kuiangalia. Akasoma kwanza kwa Kiingereza, kama ilivyoandikwa, kisha akafasiri. Kwamba suala la mtungaji lilikwisha kuamuliwa, kwa hoja ambazo hadi sasa hazijapata wa kuzijibu. Tazama Badawi, ukurasa wa kumi na nne.

"Badawi ndugu yangu hajui kuandika Kizungu," Mwanakuu akasema.

"Si yeye," alisema Kamaludin. "Ni mimi, shangazi."